Simba Mwenye Vidole Vitano

(Hotuba mbele ya waongoza wageni na walimu wa historia, Kondoa)

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaojifunza kazi ya kuongoza wageni, itifaki imezingatiwa. Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti aliponikaribisha amesema mimi ni mtaalamu wa michoro ya miambani. Naomba nimsahihishe mapema kabla hamjaniuliza maswali magumu. Mimi ni mwalimu wa historia mstaafu, nina goti moja bovu, na mwaka jana nilipata bahati ya kwenda Namibia kwa kuwa mwanangu wa pili anafanya kazi Windhoek. Hayo mengine ni ukarimu wa mwenyekiti.

Goti nimelitaja kwa sababu ndilo lililonipeleka. Mongomi wa Kolo mnaijua, lile pango letu la michoro juu ya kilima. Mara ya kwanza nilipanda nikiwa na miaka ishirini na sita, nimebeba dumu la maji ya wanafunzi, na nikawatangulia kufika juu. Mara ya mwisho nilifika nusu ya kilima, nikakaa chini ya mti, nikawaambia vijana waendelee, wakirudi wanisimulie. Wakarudi, wakanisimulia vibaya. Kwa hiyo mwanangu alipopiga simu akasema, “Mama, huku kuna michoro jangwani, gari linafika mpaka mlangoni, na njia yenyewe hata wewe utaiweza,” nilianza kufunga mizigo palepale. Hiyo “hata wewe” nilimsamehe.

Mahali penyewe panaitwa Twyfelfontein, mkoa wa Kunene, kaskazini magharibi mwa Namibia. Jina ni la Kiafrikana, maana yake chemchemi ya mashaka. Mwaka 1947 alihamia hapo mkulima mmoja wa kizungu, David Levin, na inasimuliwa kwamba kila alipokutana na wenzake alikuwa na wasiwasi uleule, kama maji ya ile chemchemi yatamtosha, mpaka utani ukageuka jina. Wadamara, wenyeji wa huko, walikuwa na jina lao kabla yake: /Ui-//aes. Hivyo vimstari ninavyoviandika ubaoni si makosa ya chaki. Ni vidoko, ile milio ya ulimi kama ya mtu anayeita kuku au anayesikitika. Nimejaribu kulitamka mbele ya wenyewe na wamecheka vya kutosha, hapa sitarudia.

Kutoka Windhoek hadi mji mdogo wa Khorixas ni zaidi ya kilomita 400, zote lami, tena lami ya kunyoosha miguu. Baada ya Khorixas zinabaki kilomita kama 100 za changarawe. Tulikuwa na gari dogo la kukodi, la kawaida kabisa, la kwendea harusini. Tulipata pancha moja. Kijana wa kituo cha mafuta alikuwa ametushauri tubebe matairi mawili ya akiba, sisi tulikuwa na moja, kwa hiyo safari iliyobaki tuliendesha kama tumebeba mayai.

Jangwa lenyewe si lile la kwenye kalenda, la mchanga mtupu na ngamia. Ni mabonde mapana ya nyasi zilizopauka, milima myekundu iliyokatwa juu kama meza, na mito ambayo ni mchanga tu toka ng’ambo hadi ng’ambo. Nyumba hakuna. Ukishaamini kwamba hapa hata mjusi anahesabiwa, unakutana na kibao cha barabarani kinachoonya kuhusu tembo. Tembo! Nikauliza wanakunywa nini. Mwanangu akasema wanachimba mchanga wa mito mpaka maji yatoke. Vifaru weusi nao wapo nyikani humo, bila uzio.

Tulifika saa sita mchana, na hilo lilikuwa kosa letu. Mlangoni tulipokewa na dada mmoja Mdamara, rika la binti yangu, mwongoza wageni. Akatutazama, akatazama jua, akatushauri turudi kesho asubuhi na mapema. Mwanangu akasema tumetoka mbali, tupande sasa hivi. Dada hakubishana. Tukapanda.

Sasa nieleze kwa nini alikuwa sahihi, maana hili ni la kazi yenu. Sisi Kondoa tuna michoro ya rangi, nyekundu kwa sehemu kubwa, na ile nyeupe ya baadaye. Twyfelfontein rangi ni chache; kuna mapango sita yenye watu waliochorwa kwa ngeu, ule udongo mwekundu. Kilicho kingi ni michoro ya kuchongwa. Pale mlimani mabamba ya mawe ya mchanga yamemeguka na kuporomoka, mengine makubwa kama banda la ng’ombe, na nyuso zake zimeungua na jua kwa muda mrefu mpaka zikawa kahawia iliyoiva. Mchongaji anachukua jiwe gumu zaidi, lile jeupe la kwatzi, anagonga nukta baada ya nukta. Ngozi ya jiwe inabanduka, inaonekana rangi ya ndani iliyo nyepesi. Miaka ikipita, na hiyo iliyochongwa inaanza kuiva, inarudi kufanana na jiwe lake. Basi jua likiwa utosini hakuna kivuli ndani ya mchongo, na wewe unasimama mbele ya ukuta wenye wanyama arobaini ukiona jiwe tupu. Mimi nilisimama hivyo. Dada ananyoosha kidole, “twiga,” naitikia, sioni twiga. Niliitikia vifaru watatu ambao sikuwaona.

Kesho yake saa mbili asubuhi tulirudi. Jua lilikuwa linapita ubavuni mwa mawe, na kila kitu kilikuwa kimetoka nje.

Michoro inazidi 2,000. Twiga, vifaru wenye pembe zilizorefushwa kuliko haki yao, mbuni, tembo, punda milia, na tandala mmoja ambaye kila mgeni anapelekwa kumwona, wanamwita Tandala Anayecheza. Halafu nyayo: za wanyama na za watu, nyingi mno. Aliyepeleka habari zake kwa wazungu wenzake ni mpima ardhi Mjerumani, Reinhard Maack, mwaka 1921. Mwaka 1952 pakatangazwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2007 UNESCO ikapaingiza kwenye urithi wa dunia, mwaka mmoja tu baada ya Kondoa yetu. Waliochonga walikuwa wawindaji na wachumaji wa matunda na mizizi, waliofuata maji. Kazi hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 2,000.

Nataka niwasimamishe kwenye jiwe moja.

Ni bamba kubwa jekundu, lina wanyama wengi, na katikati yuko simba. Mkia wake ni mrefu kupita kiasi. Umepanda juu, ukakunjwa kama kiwiko cha mkono, na mwisho wake, pale tunapotegemea shungi la manyoya, pana unyayo. Miguuni nako kuna nyayo, zimechongwa kana kwamba mnyama amezigeuza ili tuzione chini. Dada akasema, “Hesabuni vidole.”

Mwanangu akahesabu. Vitano. Kila mguu vitano.

“Na simba akikanyaga mchanga anaacha vidole vingapi?”

Mimi nilinyamaza, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakinyamaza. Jibu ni vinne. Mtoto wa mwindaji analijua jibu hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Watu hawa walichonga nyayo za wanyama kwa mamia, wakatofautisha huyu na yule, maisha yao yalitegemea kuzisoma. Hawakukosea kuhesabu vidole vya simba, mnyama pekee ambaye ukimkosea hutapata nafasi ya kusahihisha. Vidole vitano ni vya mtu. Wanaoichunguza michoro hii wanasema huyu ni mganga, mtu aliyeingia katika ngoma ya uponyaji, akapandisha, akawa simba. Mchongaji aliacha vidole hivyo kusudi, ili ajuaye ajue.

Nilikaa juu ya jiwe. Dada akadhani ni goti, akaniletea maji. Haikuwa goti.

Nikiwa mwalimu mpya nilipangiwa shule Usandawe, upande wa Kwa Mtoro, sehemu ambayo leo ni Wilaya ya Chemba. Nilikaa huko miaka minne. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja Msandawe, mtu wa maneno mengi na tumbaku. Usiku mmoja tukisikia ngoma kwa mbali nilimuuliza kuna nini, akanieleza kuhusu simbo. Kwamba watu wanacheza mpaka wanapandisha, na wakipandisha wanakuwa simba, na wakiwa simba ndipo wanapoweza kuwakabili wachawi. Alinieleza taratibu, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda kisimani. Mimi na cheti changu cha chuo cha ualimu nikaandika kwenye daftari, “imani za jadi,” nikapiga mstari, nikafunga. Miaka minne, ukuta mmoja, sikumuuliza swali la pili. Bibi huyo amekwisha kufariki.

Sasa niko kilomita maelfu kutoka kwake, mbele ya jiwe, na binti mwenye vidoko mdomoni ananieleza habari ileile.

Naomba tusikimbie hapa. Sisemi Wasandawe walichonga Twyfelfontein, wala sisemi Wadamara ni ndugu zao waliopotea. Wapo wanaisimu waliojaribu kuunganisha Kisandawe, ambacho nacho kina vidoko, na lugha za Khoe za kusini, kundi ambalo lugha ya Wadamara imo, na ubishi wao haujaisha. Mimi nausikiliza tu kutoka mlangoni. Hata Wadamara wenyewe hawadai kwamba babu zao ndio waliochonga kila kitu pale. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Wapo pia watafiti walioichukua simbo wakaiweka kando ya michoro ya Kondoa, hawa watu wetu wembamba warefu wenye vichwa kama wamejitwisha makofia, wakauliza kama tunachokitazama ni mtu anayecheza au mtu aliyekwisha kupandisha. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi kwamba hizo ni picha za watu wa zamani wakiwinda. Basi. Nilikuwa nafika juu ya kilima kabla ya kila mtu, na nilikuwa sijafika.

Ndiyo maana hili neno “kufikika,” ambalo limetajwa hapa leo mara nyingi pamoja na barabara na madaraja, mimi naliangalia kwa jicho jingine. Mchana ule wa kwanza gari lilikuwa limefika, na miguu ilikuwa imefika. Nilikuwa nimekwisha kulipa kiingilio. Lakini mpaka saa hizo nilikuwa naitikia vifaru nisiowaona.

Niseme jinsi wenzetu wanavyopaendesha, maana wapo vijana hapa wenye daftari. Huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na waongozaji ni wenyeji wa hapohapo. Njia ni fupi, ziko zaidi ya moja, na unachaguliwa kwa kutazamwa: dada alilitazama goti akasema njia ya simba, si ile nyingine. Ni mawe na ngazi za mawe, kuna mahali unashika mwamba kwa mikono, na nisiwadanganye, mtu wa kiti cha magurudumu sioni angepandaje. Penye michoro ya karibu kuna majukwaa, ili mguu wako usikanyage kilichochongwa. Eneo lenyewe la urithi ni dogo, hekta 57 na ushee. Kwa hesabu yangu ya kienyeji, viwanja themanini vya mpira. Kondoa yetu ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Kwa hiyo yeyote atakayewaambia tufanye kama Namibia, mwombeni kwanza aonyeshe ramani.

Jengo la wageni lilinifurahisha kuliko hoteli tuliyolala. Kuta zake ni mawe ya hapohapo, na paa ni mapipa ya mafuta yaliyokatwa na kukunjuliwa, yameshika kutu mpaka rangi yake imekuwa rangi ya mlima. Ukiwa mbali hulioni. Limejengwa hivyo ili siku likitakiwa kuondoka liondoke, mlima ubaki kama ulivyokuwa. Hapa kwetu tukipata fedha za jengo la wageni, kitu cha kwanza kununuliwa ni bati la bluu.

Lakini na wao wameumia. Kwa miaka mingi baada ya lile tangazo la 1952 mahali hapo palikuwa wazi, kila mtu na gari lake, na mawe mengine yaliharibiwa au kuchukuliwa. Halafu mwishoni mwa miaka ya 1990 hoteli ikaruhusiwa kujengwa ndani ya eneo jingine la michoro, hapo jirani. UNESCO wenyewe wameandika kwamba michoro ya upande huo imeathirika vibaya. Fikirieni: mtu anajenga kitanda cha mgeni juu ya kitu ambacho mgeni amesafiri kuja kukiona.

Na kuna jambo la dada yule ambalo nataka mlichukue jinsi lilivyo. Kwenye jiwe moja kuna mnyama wa ajabu, mnene, hana miguu ya kueleweka. Ni sili, mnyama wa baharini. Bahari iko kilomita kama 100 kutoka pale, na katikati ni jangwa. Aliyemchonga alimwona kwa macho, akaenda na kurudi, akiwa na maji ya kwenye mayai ya mbuni au vyovyote alivyoweza kuyabeba. Hapo dada alieleza kwa uhakika. Jiwe lililofuata lilikuwa na miduara, mingine ina nukta katikati, mingine imeungana. Mgeni mmoja Mjerumani kwenye kundi letu akasema amesoma kwamba ni ramani ya visima. Dada akajibu, “Wengi wanasema hivyo. Wengine wanasema imechongwa na wafugaji waliokuja baadaye, na ina maana nyingine. Mimi sijui.”

Yule Mjerumani alikuwa anatafuta jibu la kuandika, lakini mimi nilimwamini dada kuanzia hapo. Alipokuwa ananiambia vidole vitano nilijua hanifurahishi ili nimpe bahashishi. Ninyi vijana, nimewahi kuwasikia baadhi yenu mkiwaambia wageni kwamba mchoro fulani ni wa miaka elfu hamsini, kesho yake mchoro uleule ni wa elfu kumi, kutegemea mgeni ametoka nchi gani. Msicheke, mnajijua. Na acheni kumwagia maji michoro ili picha itoke vizuri. Michoro yao imechongwa ndani ya jiwe. Yetu ni rangi juu ya jiwe, haitustahimilii.

Nimeulizwa na mzee pale mbele, kabla hatujaanza, kama wenzetu wanafanya matambiko pale mlimani kama yanavyofanyika Mongomi wa Kolo. Sikuona, mzee wangu, na sikuuliza, maana nilikuwa mgeni wa siku mbili. Ila niseme hivi: ikiwa tutapunguza ugumu wa kufika Kolo, wa kwanza kuulizwa wawe ninyi mnaopanda kwa shughuli zenu, kabla ya mkandarasi. Pengine pale pabaki pagumu. Tuchague mapango mawili au matatu ya chini, tuyatengenezee njia ya mtu mwenye goti, na tumweke pale kijana wa Usandawe au wa Urangi ambaye ameketi na wazee wake vya kutosha.

Kuna kisa kimoja bado, hakihusu mawe. Wakati wa kurudi tulisimama Khorixas kuzibiwa tairi. Pembeni alikuwa ameketi mzee mmoja, akatusikia mimi na mwanangu tukibishana kwa Kiswahili kuhusu bei. Akainuka na fimbo yake akaja. Nikamwambia kwa mazoea, “Shikamoo, mzee.” Akasimama sawasawa, kama yuko gwaride, akasema, “Marahaba.” Alikuwa mpigania uhuru, wa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, ujanani alikuwa kambini Kongwa. Kongwa hii yetu, mkoa huuhuu wa Dodoma. Kiswahili kilichombakia kilikuwa cha kambini: “Simama! Kaa chini! Ugali tayari!” Na “marahaba.” Alituuliza kama Kongwa bado kuna vumbi. Nikamwambia lipo, linamsubiri. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamsimamia yule fundi tairi mpaka akatupunguzia bei.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa. Anayetaka kuona picha aje wakati wa chai, zimo kwenye simu yangu. Mkimkuta simba hamumwoni, msishangae. Huyo nilimpiga siku ya kwanza, saa sita mchana. Telezesheni mbele.